Kijana wangu anashusha mishumaa kwenye mazuku

Jambo Shangazi,

Nakuandikia kutoka Kyeshero, hapa Goma. Nina watoto watano. Huyu ninayekuletea habari zake ni wa pili, ana miaka 14. Si mtoto mbaya. Haibi, havuti kitu, anachota maji bila kutumwa. Shida yake ni maswali, na sasa maswali hayo yamemtoa nyumbani.

Nyuma ya viwanja vyetu, ukielekea Lac Vert, kuna shimo katika mawe ya volkano. Sisi wa hapa tunajua kwamba lina mazuku, ile hewa inayoua, hatupiti karibu asubuhi. Mwezi wa sita mbwa wa jirani aliingia humo akafa. Jirani mwenyewe alikuwa amesimama hatua chache tu, anamwita. Mbwa akaanguka, yeye hakuanguka. Jioni, tunakula, kijana akaniuliza: "Mama, juu ya nini mbwa alikufa na muzee hakukufa?" Nikamwambia anyamaze, ale chakula. Kesho yake akamuuliza bibi yake. Bibi akamwambia ardhi ile ina wenyewe. Akamuuliza mwalimu, mwalimu akasema hiyo haiko kwenye programu.

Kumbe hakunyamaza. Wiki mbili baadaye mama mmoja anayeuza makala (makaa ya kupikia) akaja mbio kunieleza alichokuta njiani. Mwanangu na wenzake watatu walikuwa wamelala kifudifudi kwenye ukingo wa shimo, wanashusha mshumaa ndani ya kopo la maziwa kwa kamba, waone utazimikia wapi.

Shangazi, mimi moto wa mlima nimeukimbia mara mbili. Mwaka 2002 nilikuwa msichana mdogo, tulivuka kwenda Gisenyi, Rwanda, usiku, nimebeba ndugu yangu mgongoni. Mwaka 2021 nikakimbia tena, safari hii na watoto wangu. Na vita unavijua. Sina nguvu ya kuzika mtoto kwa ajili ya mchezo. Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Baba yake alilikuta daftari lake, ameandika saa, upepo, urefu wa kamba, akalichana mbele ya wadogo zake. Tukamkataza kutoka majuma matatu.

Sasa hanijibu ila "ndiyo mama". Wiki iliyopita nilikuta kwenye mfuko wake wa masomo kamba mpya na kipande cha mshumaa. Usiku anawatisha wadogo zake kwamba ziwa lina gazi na siku moja litatuua sote. Baba yake anasema dawa ni fimbo, au tumpeleke kwa baba yake mdogo Butembo. Mimi niliishia la tano la msingi. Mtoto ananizidi kusoma. Nikimwambia "tutafute pamoja", hataniona mjinga?

Mama mwenye hofu, Kyeshero

*

Jambo mama. Naanza na mbwa, kwa sababu swali la mwanao lilikuwa zuri, na mpaka leo hajajibiwa.

Kwa wasomaji walio mbali na Kivu: mazuku ni hewa ya ukaa inayopanda kutoka chini ya ardhi na kukusanyika katika mashimo na mabonde madogo ya mawe ya volkano. Ni hewa ile ile tunayoitoa tukipumua, ile ile inayotoa povu kwenye soda. Haina rangi, wala harufu ya kukuonya. Uzito wake ni kama mara moja na nusu ya hewa ya kawaida, kwa hiyo haipandi ikapotea. Inajaza shimo kuanzia chini kama maji na kutulia humo, hasa usiku na alfajiri pasipo na upepo. Jua likipanda na upepo ukianza kuvuma, sehemu yake hutawanyika, ndiyo maana mtu anaweza kupita mahali saa nane mchana akicheka, na mbuzi akafia hapo hapo saa kumi na moja alfajiri.

Jibu lenyewe basi ni fupi. Pua ya mbwa iko chini. Jirani yako alikuwa amesimama, kichwa chake kiko juu ya ile hewa, cha mbwa kiko ndani yake. Kama angeinama kumshika mbwa wake, mngezika wawili.

Sasa rudi kwenye barua yako, pale mama wa makala alipowakuta. Walikuwa wamelala kifudifudi. Vijana wanne walishusha pua zao mpaka kimo cha pua ya mbwa, kwa sababu hakuna mtu mzima hata mmoja, nyumbani wala darasani, aliyewaambia kwamba kimo ndicho kilichomwokoa mzee. Maneno matatu yangewainua pale chini: pua iko chini. Hapa ndipo ninapotofautiana na mumeo. Yeye anaona kuuliza ndiko kulikompeleka mtoto shimoni. Mimi naona alipelekwa na kukosa jibu. Aliuliza watu watatu, akafukuzwa na watatu, akaenda kuliuliza shimo lenyewe.

Sisemi hukupaswa kupiga kelele. Siku ile kelele ilikuwa haki yako, hata mimi ningepiga, na ningemvuta kwa shati. Mtoto akiwa ukingoni hakuna mazungumzo, kuna kumtoa. Ninacholaumu ni yale majuma matatu yaliyofuata, ambayo nyumba nzima ilikuwa na muda wa kutosha kuzungumza na haikuzungumza. Na kamba mpya kwenye mfuko inakuonyesha majuma hayo yalichozaa: mtoto yule yule, swali lile lile, ila sasa anajua kuficha.

Kuna jambo la pili ambalo hajui, na hili ni la hatari zaidi kuliko la kwanza. Anauamini mshumaa. Anadhani ukiwaka pako salama, ukizimika pana mazuku. Watu wazima wengi wanadhani hivyo pia. Hewa ya ukaa ikifika sehemu 10 katika kila 100 za hewa unayovuta, unapoteza fahamu ndani ya dakika chache. Mshumaa unaweza kuendelea kuwaka hapo. Utazimika baadaye, hewa hiyo ikizidi kuwa nyingi, na wewe utakuwa umeshaanguka. Yaani kipimo chake kinachelewa kuliko mwili wake. Mwambie hilo jioni ya leo, bila ukali, kama unavyompa mtu habari ya kazi yake. Kijana anayeandika saa na upepo na urefu wa kamba atalielewa haraka kuliko fimbo ishirini, kwa sababu linagusa kile anachokijali: kifaa chake kina kasoro.

Halafu Jumamosi mfanye mazuku nyumbani.

Tafuta bikarbonati ya kupikia, siki au maji ya ndimu, sufuria ndefu, na mishumaa mitatu iliyokatwa vimo tofauti: kifupi sana, cha kati, na kirefu ambacho bado hakifiki ukingo wa sufuria. Isimamishe ndani ya sufuria, uiwashe. Pembeni yake, humo humo, weka kikombe chenye kijiko kikubwa cha bikarbonati, umimine siki taratibu, povu lisije likaruka. Mlango uwe wazi lakini upepo usipige sufuria. Hewa itakayotoka ndiyo ile ya shimoni, kwa kiasi kidogo kisichodhuru mtu aliyekaa kando. Itajaa kutoka chini. Mshumaa mfupi utakufa kwanza, halafu wa kati. Ule mrefu huenda ukabaki unawaka, mkiongeza siki na bikarbonati nao utakwenda. Mara ya kwanza pengine haitakwenda sawa, siki itakuwa imechujuka au upepo utaingia. Ni vizuri isipokwenda sawa, mtakuwa na la kutafuta.

Usimweleze mapema kitakachotokea. Muulize: "Unafikiri upi utazimika kwanza?" Akijibu, muulize anaonaje hivyo. Mbwa atajitokeza mwenyewe, hutahitaji kumtaja.

Umeniuliza kama hatakuona mjinga. Mama, vijana wa umri huo wana pua kali kwa swali la uongo. Mzazi akiuliza kitu ambacho jibu lake analo mfukoni, mtoto anajua kwamba huo ni mtego na anafunga mdomo. "Kwa nini ulikwenda kule?" si swali, ni mashtaka, na hakuna jibu litakalomwokoa. Lakini wewe una bahati ambayo wazazi wengi waliosoma hawana: kweli hujui. Muulize usichokijua. Kamba ilishuka kiasi gani kabla mshumaa haujazimika? Asubuhi na mchana palikuwa na tofauti? Walichagua shimo lile kwa nini, na si lile la barabarani? Sikiliza mpaka mwisho, hata pale moyo utakapokuruka. Ukimkatiza kwa "Yesu wangu!" katikati, hutasikia nusu ya pili, na nusu ya pili ndiyo yenye majina ya wenzake na saa wanazokwenda.

Tena si kweli kwamba huna la kumfundisha. Ulikuwepo tarehe 17 Januari 2002 lava iliposhuka kutoka Nyiragongo, ikapita katikati ya mji ikaingia ziwani. Yeye hakuwa amezaliwa. Tarehe 22 Mei 2021 alikuwa mtoto mdogo, anakumbuka mbingu nyekundu na mkono wako, basi. Mweleze ulichosikia miguuni, harufu ilikuwaje, watu waligundua saa ngapi kwamba barabara imekatika, na siku ngapi zilipita kabla ya mawe kupoa watu wakapita juu yake. Hata yeye anaweza kukuambia kwa nini lava ya mlima wetu inakimbia kuliko ya milima mingi: ina silika kidogo, ile madini inayoifanya lava inate, kwa hiyo hainati sana. Wewe una uliyoyaona, yeye ana aliyoyasoma. Sijui mwalimu ambaye angekataa darasa la namna hiyo. (Na yule aliyesema haiko kwenye programu, sitamsema sana, ana watoto wengi kwenye chumba kimoja. Ila mwalimu anayefundisha kemia Goma na hana dakika tano za mazuku, anajinyima somo ambalo hata wa nyuma kabisa wangeinua vichwa.)

Kuhusu daftari. Saa, upepo, kina: hivyo ndivyo wanavyoandika watu wa kituo cha kuchunguza volkano hapa Goma, OVG, kilichoanzishwa mwaka 1986. Wao wana vifaa vya kupima hewa na wamefunzwa mahali pa kusimama, kijana alikuwa na kopo la maziwa. Tofauti iko kwenye vifaa na mafunzo. Njia ya kufikiri ni ile ile, na hakuna aliyemfundisha. Aliyelichana alichana kitu cha maana, na wadogo zake waliona. Mumeo simwombi apige magoti mbele ya mtoto, najua tulivyo. Anunue daftari jingine, ampe mwenyewe kwa mkono wake. Hata asiposema neno, litasemeka.

Lakini daftari jipya lisirudi shimoni. Hapo weka sheria, na uitamke wazi ili asije akadhani kwamba kwa kuwa mama amekuwa rafiki, kila kitu kimefunguliwa: hakuna kuingia shimoni, hakuna kusimama ukingoni, hakuna kulala wala kuchuchumaa karibu nalo, mchana au usiku. Na mtu akianguka humo, hata awe ndugu yake, haingii kumtoa. Anapiga kelele, anaita watu wenye kamba na ndoana ndefu, wamvute wakiwa mbali, wamesimama. Mazuku huua mmoja, kisha humuua aliyekwenda kumwokoa. Mwambie sababu ya kila neno la sheria hiyo. Sasa ana uwezo wa kuielewa, ameiona kwenye sufuria.

Kamba na mshumaa ulivyovikuta, usivifiche wala usimvizie. Mwambie umeviona, na kwamba mshumaa huo unauhitaji Jumamosi.

Wale wenzake watatu pia uwaite. Ukimponya wako peke yake, hao watakwenda bila yeye, na siku moja watamwita. Wape kazi inayotosha udadisi wao. Mimi ningewatuma kwa wazee wa mtaa wakaulize: mbuzi wa nani alifia wapi, mwezi gani, saa ngapi, mvua ilikuwa imenyesha, upepo ulikuwepo? Waliochimba vyoo wakakutana na hewa mbaya walichimba upande gani? Wote hao wanakumbuka, na hakuna anayewauliza. Vijana wachore ramani ya mtaa, waweke alama bila kusogelea hata shimo moja, waipeleke kwa nyumbakumi ili sehemu hizo ziwekewe vibao. Wageni wanaohamia Kyeshero hawajui mashimo hayo, na siku hizi wageni ni wengi. Wakikwama kwenye swali, waliandike vizuri, uende nao OVG au kwa mwalimu wa kemia wa shule nyingine. Nenda wewe mwenyewe, usimtume peke yake. Akuone unauliza mbele ya watu waliosoma, na huoni haya.

Kisha kuna swali moja ningependa mlitafute wewe na yeye ndani ya nyumba yenu. Wadogo zake wanalala wapi? Kama ni chini, kwenye mkeka, na nyumba iko karibu na shimo kama ulivyoandika, naomba wainuliwe walale vitandani na pawe na tundu la hewa chini ya ukuta upande wa mteremko. Mwachie yeye aamue tundu likae wapi, na akueleze sababu.

Habari ya ziwa nitaipitia haraka. Anachowaambia wadogo zake hakikutoka hewani. Ziwa Kivu lina kina cha zaidi ya mita 450, na chini kabisa kuna hewa ya ukaa na methani nyingi zilizoyeyuka katika maji, zinashikiliwa na uzito wa maji yaliyo juu. Ziwa Nyos la Kameruni lilitoa hewa yake mwezi wa nane 1986, watu kama 1,700 wakafa. Kwa hiyo ukimwambia "acha uongo" utakuwa umekosea wewe. Lakini anajua nusu tu. Upande wa Rwanda, karibu na Kibuye, methani hiyo inavutwa juu na kuchomwa kutengeneza umeme. Mpe kazi ya kujua wanaivutaje, awaeleze wadogo zake mchana, mbele yako. Kuwatisha watoto gizani ni jambo jingine, hilo mkataze tu, halina sayansi ndani yake.

Butembo sikushauri. Atafika huko na swali lake, kwa watu ambao hawayajui mazuku, na siku atakaporudi likizo atakuwa na miaka 15, kamba ndefu zaidi, na hakuna atakayejua anapokwenda. Hata fimbo, baba yake aitafakari vizuri: itamfanya mtoto amwogope baba. Shimo hatalionea woga hata kidogo, nalo ndilo tulilotaka aliogope.

Najua mumeo hatakubali kwa maneno, hasa maneno ya Shangazi wa magazetini. Usibishane naye. Fanyeni Jumamosi hiyo, uani, anapoweza kuwaona. Atapita mara moja, atapita mara ya pili, atasimama aulize mnachoma nini. Mpe kiberiti.